Udongo Aliouchagua Mama

Mwezi wa nane mwaka ule kaka yangu alisimama katikati ya mahindi ya Mama kule Rongai akaniomba nimpige picha. Mahindi yalimfika kwenye mshipi. Kwa kuwa napenda mambo yaandikwe yalivyo, lazima niongeze kwamba kaka yangu si mrefu. Picha hiyo aliituma kwenye kundi la familia kwenye simu, ikiwa na maneno matatu chini yake: "Hili shamba limechoka."

Mama hapendi kuandika kwa simu. Alijibu kwa sauti. "Aliyechoka ni wewe," alisema, na nyuma yake jogoo akasikika akimuunga mkono.

Shamba lenyewe ni kipande kilichokatwa kutoka shamba kubwa la mzungu, zamani, kabla sijazaliwa. Juu iko nyumba, mparachichi, sukuma wiki, mbuzi wachache, na mahali palipokuwa boma la ng'ombe tulipokuwa na ng'ombe. Chini, ukishuka hatua chache, kuna ekari moja ya mahindi. Baba alikuwa akisema udongo wa ekari ile hunata kwenye jembe kama ugali kwenye mwiko. Mwaka ule picha ilipopigwa ulikuwa umegeuka rangi ya jivu, na upepo wa Januari ulikuwa ukiuchukua bila kuomba ruhusa.

Kaka hakuwa na nia mbaya. Baba alikuwa amefariki, Mama alikuwa akiishi peke yake, na magoti yake yalikuwa yakilia kila akiinama. Kaka alimpata mtu mwenye trekta aliyetaka kulikodi shamba lote, juu na chini, kwa miaka kadhaa. Mama angehamia kwake Nakuru, Section 58, ambako alikuwa amemtayarishia chumba, akakipaka rangi na kuweka pazia. Tatizo ni kwamba uani kwa kaka ni kabro, matofali ya saruji yaliyobanana, kuanzia geti hadi ukuta wa nyuma. Mama alipomtembelea mara ya mwisho alizunguka nyumba mara mbili akiwa na sufuria, akitafuta mahali pa kumwaga maji aliyooshea mchele. Alirudi nayo jikoni, akayamwaga kwenye sinki kana kwamba anamwaga maziwa.

Kwa hiyo kaka alisema shamba limechoka, Mama akasema halijachoka, na mahindi yalipovunwa mwezi wa kumi na moja yakawa magunia machache sana ya kubishania. Mimi ndiye katibu wa familia. Huandika kila mkutano, kila harambee, kila ugomvi na tarehe yake. Nikaona hapa panahitaji ushahidi. Nilikuwa nimesikia kuna maabara mjini ambapo unapeleka udongo, wanakuambia una nini na unakosa nini. Nikampigia Mama.

"Mama, Jumamosi nakuja tupime shamba."

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna mtu amekufa."

"Shamba hupimwa mtu akikufa. Sasa mnagawana na mimi bado napumua?"

Hapo nikagundua nimetumia neno baya. Kwetu, kupima shamba ni kumleta savea na mnyororo wake, na nyuma yake ndugu wenye nyuso za kusikitika wanaohesabu hatua kimoyomoyo. Nikaharakisha kueleza.

"Si ya savea, Mama. Ni kama hospitali. Unatoa kidogo, wanaenda kuangalia, wanakuambia unaumwa na nini."

"Kama hospitali."

"Kama hospitali."

"Sawa," akasema, haraka kuliko nilivyotarajia. Kwenye daftari niliandika: amekubali. Ile haraka sikuiandika.

Kaka naye alipenda wazo hilo, kwa maana yeye ni mtu wa karatasi; kitu kikiwa na muhuri habishani nacho tena. Akatoa masharti kwenye kundi: "Wakisema udongo umekufa, Mama unakuja mjini na shamba linakodishwa. Wakisema uko hai, sitaongea tena juu ya hiyo maneno." Mama akatuma sauti: "Katibu, andika hivyo alivyosema. Usiongeze, usipunguze." Nikaandika.

Jumamosi nilifika na karatasi ya maagizo kutoka maabara. Nilimsomea Mama yote, maana napenda kazi ianze watu wakiwa wameelewa. Chimba mahali pengi, ukitembea kwa mwendo wa nyoka. Shuka kina cha bledi ya jembe. Changanya kwenye ndoo safi. Kisha nikasoma yanayokatazwa: usichukue udongo mahali palipokuwa boma, usichukue chini ya mti, usichukue kando ya kichuguu, usichukue karibu na shimo la takataka.

"Rudia hapo pa kukatazwa," Mama akasema. "Polepole."

Nikarudia polepole. Nilifurahi kuona anazingatia.

Tulichimba pamoja, mimi nikitembea kama nyoka na yeye akishika ndoo. Tulipomaliza, tukautandaza udongo wetu juu ya gunia nyuma ya stoo, kivulini, upoteze unyevu. Mama akanitengea chai na viazi vitamu.

"Kula kwanza. Mimi naenda kuangalia kuku."

Nilikula. Kuku wote walikuwa miguuni pangu wakisubiri maganda. Hilo nililiona. Niliona pia kwamba Mama aliporudi, gambuti zake zilikuwa na udongo mweusi hadi kwenye vifundo, Desemba ile ambayo haikuwa imeona tone la mvua, na ekari ya chini ni ya rangi ya jivu. Mtu anayejisifu kwamba huona kila kitu aliyaona haya mawili, akachukua kiazi cha tatu.

Mfuko ulikuwa tayari umefungwa kwa kamba, fundo juu ya fundo. Mama alinikabidhi kwa mikono miwili. Nikaandika juu yake kwa kalamu: Shamba la chini, mahindi.

Majibu yalipotoka, mwezi wa kwanza, sikutumiwa kwa simu kama nilivyoahidiwa. Niliitwa. Mtaalamu wa udongo alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, mwenye miwani na kucha zilizokatwa fupi. Alikuwa ameweka karatasi yangu mbele yake, akiitazama jinsi mtu anavyotazama picha ya harusi ya adui.

"Karibu, dada. Hebu niambie hili shamba liko wapi, nikuje nipange chumba."

"Ni nzuri?"

"Nzuri? Udongo huu una chakula cha mimea mpaka umezidi. Hapa ukipanda fimbo ya kutembelea itachipua. Mahindi yako yanafika wapi?"

"Kwenye mshipi wa kaka yangu."

"Kaka yako ni mrefu?"

"Hapana."

Akavua miwani. Aliniambia kwamba walipouchekecha udongo wangu walipata kinyesi cha mbuzi, ganda la yai, jani la mparachichi, na mchwa mmoja aliyekuwa bado hai. Kisha akaichukua nakala ya maagizo, ileile niliyomsomea Mama, akaweka kidole kwenye orodha ya mahali pa kukatazwa, akashuka nayo mstari kwa mstari. Boma. Mti. Kichuguu. Shimo la takataka.

"Huyu mtu hakusahau hata moja," alisema, na nadhani kulikuwa na heshima ndani yake.

Nilitoka na karatasi kwenye mkoba. Ilikuwa na muhuri. Ilikuwa inaweza kumfunga kaka yangu mdomo maisha yake yote. Siku mbili nzima alikuwa akituma neno moja kwenye kundi, "Majibu?", na mimi nilikuwa nikitazama kitufe cha kutuma. Sitadai kwamba kilichonizuia ni uadilifu. Kilichonizuia ni sentensi moja chini ya karatasi, sehemu ya ushauri: usiongeze chochote. Tungeitii, Mama angebaki nyumbani kwake kwa ushindi, ekari ya chini isingepewa hata konzi moja ya samadi, na mwaka uliofuata kaka angepiga picha nyingine akiwa amekaa.

Nikampigia mtaalamu nikamweleza yote, pamoja na chumba chenye pazia. Akacheka hadi akakohoa. Alisema ana wakulima wa kutembelea upande wa Rongai wiki hiyo, na kwamba angependa sana kumwona huyo mama.

Mama alitupokea kwa chai. Hakuuliza mgeni ni nani hadi alipoketi.

"Mama, nimeleta salamu za boma lako," mgeni akasema.

Mama alichukua muda wake kuweka kikombe chini. Kisha akanigeukia mimi, si yeye.

"Si ulisema ni kama hospitali?"

"Nilisema."

"Na hospitali wakikutuma mkojo, unaenda kuchota kwenye mtaro? Unachukua ule wa asubuhi, msafi. Nilichukua ile nzuri."

"Lakini karatasi ilikataza, Mama."

"Ndiyo ilinielekeza. Nilijiuliza, mbona hawa watu wanakataza mahali? Nikaona, wanakataza pazuri, ili watu wote waonekane maskini. Nikaenda pazuri."

Mtaalamu alijificha nyuma ya kikombe. Alipopata sauti yake aliomba glasi mbili, maji na jembe. Mama alileta glasi za wageni, zile za maua, na sura yake ilibadilika alipoona ni za kutiliwa udongo. Tulishuka hadi ekari ya chini. Jembe liligonga likarudi juu, kama limegonga mlango ambao hakuna mtu ndani. Mtaalamu akang'oa bonge moja la pale na bonge moja kutoka mahali pa boma, akaliweka kila moja kwenye glasi yake ya maji, akaziweka glasi juu ya jiwe.

Bonge la boma lilikaa. Lilitoa mapovu kidogo, likakaa. Lile la chini lilivunjika palepale, likawa tope, na maji yakageuka rangi ya chai isiyo na majani ya kutosha. Mama aliinama, magoti yakalia, akaitazama glasi ya pili kwa muda mrefu.

"Mvua ikinyesha inafanya hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, Mama. Ardhi inafumba uso, maji hayaingii, yanapita juu na kuondoka na kilichobaki."

Mtaalamu alitueleza akiwa amechuchumaa, akivunja udongo kwa vidole. Kwamba udongo si meza ya kusimamishia mahindi. Ndani yake mna walaji wengi, wengi wao wadogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na kazi yao ni kula kilichooza na kukigeuza kuwa chakula cha mizizi. Ute wao na nyuzi zao ndio gundi iliyolishika bonge la boma majini. Akafukua palipokuwa boma: nyungunyungu wakajikunja kwa hasira, wanene. Akafukua chini: hakuna mtu. Kila mwaka, alisema, tunatoa mahindi. Mabua nayo tunauza, yanaenda kuliwa na ng'ombe wa watu. Tunarudisha mbolea ya gunia ya aina moja peke yake, na baada ya miaka mingi udongo unachachuka, hata chakula kidogo kilichomo mizizi haiwezi kukifikia. Kule juu tunaweka kila kitu: maganda, jivu, kinyesi cha mbuzi, majani.

"Hii ya chini unaikamua na huilishi," alisema. "Samadi ya boma mliacha kuibeba lini?"

Nilihesabu mwenyewe. Tangu Baba alipofariki. Yeye ndiye aliyekuwa akijaza wilbaro kila Februari, akishuka nayo, akipanda nayo, akiimba vibaya. Baada ya mazishi wilbaro ilipasuka tairi, ikaegemezwa kwenye stoo, ng'ombe wakauzwa mmoja mmoja, na samadi yao ikabaki pale ilipoangukia, miaka yote hiyo, ikioza vizuri, hatua chache kutoka kwa mahindi yenye njaa.

"Kwa hiyo nilichoiba," Mama akasema mwishowe, "ni dawa yangu mwenyewe."

Tulichimba tena, safari hii mtaalamu akibeba mfuko yeye mwenyewe na kuufunga yeye mwenyewe. Mama aliruhusiwa kutazama. Wakati wa kuagana niliwaona wawili hao wakinong'onezana getini, Mama ameushika mkono wa mgeni kwa mikono yote miwili. Niliuliza wanasema nini. "Mambo ya kuku," Mama akasema.

Majibu ya pili yalikuwa mabaya, kama ilivyotarajiwa. Nilimwambia kaka yote, kuanzia boma hadi mchwa. Akasema kwamba mkataba ni mkataba, na kwamba Jumamosi anakuja, na kwamba yule mtu wa trekta atafika saa sita kukubaliana.

Alifika asubuhi, amevaa viatu vya ofisini. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti uani, karatasi mapajani, amevaa kitambaa cha kanisani.

"Mama, tulikubaliana," kaka akaanza, taratibu.

"Tulikubaliana. Katibu, soma."

Nikasoma kama nilivyoandika: Wakisema udongo umekufa, Mama unakuja mjini.

"Sasa chukua karatasi," Mama akamwambia, "unionyeshe palipoandikwa umekufa."

Kaka alichukua. Alisoma juu hadi chini. Akageuza nyuma, nyuma hapakuwa na kitu. Mbele palikuwa na vipimo vilivyoandikwa "chini", "chini sana", "chachu", na ushauri wa chokaa, samadi, mabua yasiondolewe shambani, maharagwe yapandwe kati ya mahindi. Na chini kabisa, kwa kalamu, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka: Udongo huu una njaa. Ulishwe. Muhuri ulikuwa umegongwa juu ya maneno hayo hayo, barabara, usiweze kuyatenganisha.

"Una njaa," kaka akasoma.

"Umeona maiti ikiitisha chakula?"

Kaka alinitazama. Nilitazama daftari. Ninayajua mambo mengi kuhusu kuku wa Mama, na sikuwahi kujua kwamba wanazungumziwa kwa kushikana mikono.

Lakini kaka si mjinga, na alipoongea tena hakuongea na karatasi. "Na nani atalisha, Mama? Nani atabeba? Wewe na hayo magoti? Unafikiri nataka kukuleta mjini kwa sababu ya mahindi? Nikipigiwa simu usiku mmoja niambiwe umeanguka huko chini, nitasema nini?"

Hicho ndicho kilichokuwa kimekaa kati yao tangu ile picha ya mwezi wa nane, na hakuna maabara inayokipima. Mama alikunja karatasi mara mbili. Alipojibu, sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Kule kwako nitaketi. Nitaketi vizuri, nitakula vizuri, na nitakuwa kama hii ya chini. Hapa nikichota kitu nakirudisha. Nikinywa chai, majani naweka kwa sukuma. Nikifagia, naweka kwa mti. Unataka nikiwa kwako nifagie niweke wapi?"

Kaka akatazama viatu vyake. Mama akamsubiri. Kisha akaongeza, kwa sauti yake ya kawaida: "Na ya kubeba, nilizaa wawili, wote wana magoti."

Ilichukua muda, na chai ya pili. Kaka alisema msimu mmoja. Mama akasema miwili, kwa sababu ule udongo haukuajiriwa na yeye hata ufanye kazi kwa haraka yake. Kaka akasema miwili, lakini kila Jumapili anapiga simu na yeye ashike. Mama akasema atashika kama hayuko chini. Nikaandika miwili. Kisha kaka akavua viatu vya ofisini, akavaa gambuti za Baba zilizokuwa stoo, ambazo zilimkaa kubwa, akapewa sepetu. Mahali pa boma paliposhuka kina cha magoti, udongo ulitoka mweusi na laini, ukifuka mvuke kidogo kwenye jua la asubuhi. Niliona akichukua kidogo mkononi, akanusa, akatazama kama kuna anayemwona.

Mtu wa trekta alifika saa sita kamili. Aliegemea geti akamwona kaka yangu ndani ya shimo hadi magotini.

"Boss, nimekuja kwa ile maneno."

Kaka alijaribu kujifuta mikono. Mama alikuwa amemtangulia getini.

"Shamba imekataa," akamwambia. "Lakini usirudi bure. Trela yako iko wapi?"

"Iko nyumbani, mathe."

"Lete. Hii samadi ni nyingi, wilbaro haiwezi. Nitakupa parachichi gunia moja."

Yule mtu alifikiri. Akatazama ekari ya chini, ambako mabua ya mwaka ule yalikuwa bado yamesimama, makavu, machache, lakini mabua.

"Parachichi sitaki. Nipee hayo mabua, niwalishie ng'ombe."

Miaka yote ya nyuma Mama angeyauza kabla hajamaliza kuomba. Nilimwona akiyatazama, mstari kwa mstari.

"Mabua yana kazi," akasema. "Chukua parachichi, na ulete trela."

Akaingia stoo kutafuta sepetu nyingine, kwa sababu iliyopo alikuwa nayo kaka yangu.